TANGI DOGO LA MAJI NA PRESHA YAKE

(Hotuba iliyosomwa na mafundi wa dizeli mbele ya madereva, utingo na wanachama wengine katika mkutano wa tawi. Kamiti imeagiza ichapwe yote ili wale waliokuwa safarini siku ile nao waipate.)



Kamiti ilipotangaza kwamba mafundi watakuja kusema, wengine walinong'ona kwamba habari za spana zafaa gareji, na mkutano wa chama ni wa habari za mshahara. Tuvumilieni kidogo. Mshahara tutaufikia, lakini tutaufikia kwa kupita kwenye kitu kidogo kilichoko karibu na rejeta ya lori, ambacho wengi wetu hukitazama siku gari likichemsha tu. Kitu hicho ni lile tangi dogo la maji. Mafundi wengi huliita rizavu.

Sisi tumefungua hedi za injini nyingi. Tumeona watu walioungua uso na mikono kwa maji ya tangi hili. Tumeona injini za bei kubwa zikifa kwa sababu ya kifuniko cha shilingi chache. Tumeona pia madereva wakikatwa mshahara kwa kosa lisilo lao. Karibu kila mara, tangi lilikuwa limetoa habari siku nyingi mapema, ila hakuna aliyeitazama, au aliyeitazama hakuiandika. Ndiyo sababu tumekuja.

MAJI YAKIPATA MOTO HUTAKA NAFASI

Mafuta ya dizeli yanapowaka ndani ya silinda, si joto lote linalosukuma gari. Sehemu moja hutoka kwa ekzosi, na sehemu nyingine huchukuliwa na maji yanayozunguka silinda na hedi. Pampu huyasukuma maji hayo, thamostati huyafungulia njia yakishapata moto, rejeta na feni huyapoza, kisha yanarudi tena. Kila mmoja hapa ayajua hayo.

Lakini tukumbuke jambo moja. Maji yakipata moto huongezeka. Injini yenye lita 40 za maji, yakitoka nyuzi 20 za asubuhi mpaka nyuzi 90 za kazini, maji yale yale yatataka nafasi zaidi, karibu lita moja na theluthi. Yakichanganywa na dawa ya kulanti huongezeka zaidi kidogo. Lita hiyo lazima iende mahali, na maji hayakubali kubanwa. Yakikosa mahali, yatapasua paipu ya mpira au yatafungua mshono wa rejeta.

Ndiyo kazi ya kwanza ya tangi dogo: kuyapokea maji yaliyoongezeka. Juu ya maji yale huachwa nafasi ya hewa. Hewa yakubali kubanwa, kwa hivyo hufanya kazi kama springi ya kiti. Maji yakipanda, hewa hubanwa. Maji yakishuka, hewa hutanuka. Ndiyo maana tangi lina alama mbili, ya chini na ya juu, nazo husomwa injini ikiwa baridi. Mtu anayejaza tangi mpaka mdomoni akidhani amelitendea gari wema, ameiondoa ile springi. Presha itapanda haraka, kifuniko kitayatema maji njiani, na jioni mtu yule yule atasema gari linakunywa maji.

Kazi ya pili ni kutoa hewa. Tazameni lori lenye tangi lililowekwa juu ya rejeta. Mtaona paipu nyembamba zikitoka juu ya rejeta na juu ya injini kwenda tangini. Hizo huleta mapovu ya hewa pamoja na maji kidogo. Mapovu hubaki juu, na maji hurudi injini kwa paipu nene iliyo chini ya tangi, ambayo huingia karibu na mdomo wa pampu. Paipu nyembamba ikizibwa na kutu au uchafu, hewa hukwama ndani ya hedi. Mahali penye hewa hapana maji, na mahali pasipo maji chuma huungua.

Kazi ya tatu ni kuisaidia pampu isikose maji, na kuzilinda silivu. Silivu za dizeli nyingi huguswa na maji kwa upande wa nje. Kila dizeli inapopiga ndani, silivu hutetemeka, na kutetemeka huko huzaa mapovu madogo sana juu ya chuma. Mapovu hayo yakipasuka hutoboa chuma, kidogo kidogo kama nondo atobovyo nguo, mpaka maji yanaingia silinda. Presha nzuri ndani ya tangi na dawa nzuri ndani ya maji huzuia jambo hilo. Kwa hivyo asiseme mtu kwamba kulanti ni ya nchi za barafu tu. Hata Mombasa, ambako maji hayagandi kamwe, silivu zaihitaji.

KIFUNIKO KINA MILANGO MIWILI

Sasa twaja kwenye presha yenyewe. Wengi huiogopa presha wakidhani ni ugonjwa. La, injini ilitengenezwa iishi na presha. Ugonjwa ni presha iliyokosa, au iliyozidi, au iliyotoka mahali isipotakiwa.

Sufuria ya maji iliyo wazi pale Mombasa huchemka kwa nyuzi 100. Ukiibana kwa kifuniko, maji yatapita nyuzi 100 bila kuchemka. Kifuniko cha tangi ndivyo kifanyavyo. Kimeandikwa namba. Kikiandikwa 15, maana yake ni ratili 15 kwa kila inchi moja ya mraba, na hiyo ni karibu baa 1. Kingine huandikwa 7, na kingine huandikwa kwa baa, kama 0.7 au 1.0. Namba hiyo si pambo. Aliyeitengeneza injini aliipima na rejeta, na paipu, na tangi.

Ndani ya kifuniko mna milango miwili. Mlango mkubwa una springi yenye nguvu. Presha ikifika namba yake, hufunguka na kutoa kilichozidi, kisha hujifunga. Mlango mdogo hufungukia ndani. Injini ikipoa usiku, maji hupungua na kuvuta, na mlango huo huingiza hewa au maji. Mlango mdogo ukikwama kwa kutu, asubuhi utaikuta paipu ya juu imebonyea kama tumbo la mwenye njaa. Mlango mkubwa ukichoka, presha haikai kabisa. Ukikwama, presha haitoki, na hapo kitapasuka kile kilicho dhaifu kuliko vyote.

Mtu asidharau ratili 15. Chukueni ukuta wa tangi wenye inchi 10 kwa inchi 10, yaani inchi 100 za mraba. Ukuta huo wasukumwa kwa ratili 1,500, ambazo ni karibu kilo 680. Hayo ni magunia saba na nusu ya mahindi, yakiegemea kipande cha plastiki ambacho jua na joto vimekichoma kwa miaka. Ndiyo maana tangi lililobadilika rangi na lenye nyufa kwenye mshono halifai kuzibwa kwa gundi. Latakiwa kubadilishwa.

MBONA GARI LILIKUWA ZIMA MOMBASA?

Ndugu zetu, swali hili madereva huulizwa ofisini, nao hukosa la kujibu. Jibu ni hili.

Kadiri mtu apandavyo mlima, ndivyo hewa ipunguavyo uzito, na maji huchemka mapema zaidi. Mombasa ni nyuzi 100. Nairobi ni karibu 95. Pale Timboroa, juu ya meta 2,700, ni karibu 91 tu. Kina mama wa huko wajua jinsi maharagwe yanavyochelewa kuiva. Maji yanatokota lakini hayana moto wa kutosha.

Sasa fikirini lori lenye kifuniko kilichochoka, kisichobana presha yo yote. Injini ya kazi nzito hukaa kati ya nyuzi 80 na kitu na 95. Lori hilo laondoka Mombasa na mzigo, maji yana moto wa nyuzi 90, na dereva haoni neno, maana bado nyuzi 10 zimebaki kabla ya kuchemka. Lafika Nairobi salama. Lakini likipanda kuelekea Timboroa, nyuzi 90 zile zile karibu ni kuchemka. Mlima wadai nguvu zaidi, gari laenda polepole, upepo wa mbele ni mdogo, na maji yatokota. Dereva hakufanya tofauti yo yote na jana.

Kama kifuniko ni kizima na namba yake ni 15, maji ya kawaida Mombasa hayachemki mpaka karibu nyuzi 120, na hata Timboroa ni mpaka karibu 116. Basi tofauti kati ya kufika na kutofika Eldoret yaweza kuwa kipande cha mpira ndani ya kifuniko. Nyapara asemaye kwamba gari halina kasoro kwa sababu lilijaribiwa kwa kuzungushwa uwanjani, hajalijaribu bado.

Lakini presha hiyo hiyo ina hatari yake kwa mikono yetu. Maji yaliyofika nyuzi 110 yamekaa kimya kwa sababu yamebanwa tu. Ukikifungua kifuniko, kizuizi kimeondoka, na maji yote yataka kuchemka kwa mara moja. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke wote hujaza nafasi ya lita zaidi ya 1,600. Hata kama ni sehemu ndogo tu inayogeuka, hiyo huyasukuma maji mengine nje kama risasi, nayo huja usoni, maana aliyefungua ameinama kutazama. Na kule juu mlimani hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa maji ya nyuzi 110 yamezipita nyuzi 91 kwa mbali sana. Kitambaa mkononi hakizuii kitu. Kitambaa kikilowa maji ya moto huganda kwenye ngozi na kuunguza zaidi.

TANGI HUSEMA ASUBUHI

Twawaomba kila dereva na kila utingo alisome tangi kabla ya kuwasha injini, ikiwa baridi kabisa. Ni kazi ya dakika mbili.

Kwanza, tazama maji yako wapi baina ya alama mbili. Yakipungua kidogo mara moja kwa muda mrefu, si ajabu. Yakipungua kila siku, yanakwenda mahali. Maji hayaliwi na injini nzima.

Pili, tazama rangi. Ukiona oili ikielea, huenda kipoza oili kimetoboka, kwa kuwa injini ikifanya kazi oili huwa na presha kubwa kuliko maji, na huingia upande wa maji. Ukiona kutu au matope, maji mabaya yamewekwa. Maji ya kisima cha chumvi na maji ya mto si maji ya injini. Kama hakuna maji safi yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo, ya mvua yaliyokingwa vizuri ni afadhali.

Tatu, bonyeza paipu ya juu. Injini iliyolala usiku mzima, paipu yake huwa laini. Ukiikuta ngumu, jiulize ni nani aliyeitia presha usiku. Kisha washa injini na uibonyeze tena baada ya dakika mbili au tatu, kabla maji hayajapata moto. Ikiwa ngumu kama jiwe hali ingali baridi, presha hiyo haikutoka kwa joto. Imetoka mahali pengine.

Mahali hapo ni pawili hasa. Pa kwanza ni silinda. Katika injini nyingi za lori za leo, presha ya silinda wakati wa kuwaka hupita baa 100, na presha ya maji ni baa 1. Gasketi ya hedi ikiungua, au hedi ikipata ufa hata mwembamba kama unywele, moshi utapenya kwenye maji na kujaza tangi mapovu. Pa pili ni kompresa ya breki za upepo. Kompresa nyingi za malori hupozwa kwa maji ya injini, na hewa yake hufika baa 8 au 10. Gasketi ya kompresa ikifa, hewa hiyo huingia kwenye maji. Dalili ni zile zile: mapovu, paipu ngumu, kifuniko kutema. Lakini dawa si moja, wala gharama si moja.

Neno moja zaidi hapa. Magari mengine hayana tangi la presha. Yana kifuniko cha presha juu ya rejeta yenyewe, na pembeni kichupa cha plastiki chenye mfuniko wa kubandika tu na paipu moja nyembamba. Kichupa hicho hakina presha. Hupokea maji yaliyotemwa na kuyarudisha injini ikipoa. Kichupa chaweza kuwa kimejaa na rejeta ni tupu, kama mlango mdogo wa kifuniko umekufa. Basi gari la namna hiyo, likiwa baridi, fungua rejeta yenyewe utazame. Tena usiitegemee geji ya joto peke yake. Maji yakikauka mahali geji ilipo, yaweza kuonyesha kwamba mambo ni mema hali injini inaungua.

HABARI YA LORI LA SARUJI

Sasa tuwape habari tuliyoiona kwa macho yetu. Kampuni hatutaitaja, wala wenyewe hatutawataja. Si kusudi letu kumwaibisha mtu.

Lori moja lilikuwa likichukua saruji kutoka Athi River kwenda Eldoret. Dereva wake, mtu mzima mwenye miaka mingi barabarani, aliona kwamba kila asubuhi lazima aongeze maji, kwanza lita mbili, kisha tano. Alimwambia nyapara. Alimwambia kwa mdomo, uwanjani, watu wakipakia. Nyapara akasema ni kifuniko, akatoa kingine dukani chenye namba kubwa zaidi, kwa maneno yake, "ili kibane vizuri". Lori likaondoka.

Kifuniko kile kikabana kweli kweli. Karibu na Timboroa paipu ya juu ikapasuka. Wakafunga paipu kwa mpira wa tairi la baiskeli, wakatia maji, wakaendelea. Baada ya mwendo mfupi sindano ya geji ikapanda tena. Dereva akasimama, akashuka kuweka mawe nyuma ya magurudumu. Utingo, kijana aliyetaka kusaidia ili wafike kabla ya usiku, akapanda na kitambaa na kufungua tangi. Alipata zamu yake ya mwisho kwa miezi mingi. Uso ulipona. Mkono wa kulia haunyooki sawasawa mpaka leo.

Injini nayo ilikwisha kuchemka vibaya, na hedi ikapinda. Dereva aliitwa ofisini. Aliambiwa hakuweka maji, kwa hivyo atalipa, kila mwezi kidogo kidogo. Akasema alitoa habari. Akaulizwa, "Uliandika wapi?" Hakuwa na karatasi.

Sisi ndio tuliopewa hedi ile. Tukaipeleka kusawazishwa, tukaweka gasketi mpya, tukafunga. Lori likawashwa, na kabla maji hayajapata moto, paipu ikawa ngumu na tangi likatoa mapovu. Twakiri mbele yenu kwamba tuliona haya. Tulikuwa tumefanya kazi ya siku tatu kabla ya kupima jambo la nusu saa. Hapo ndipo tulipoleta ile dawa ya kupimia, ambayo huwekwa juu ya mdomo wa tangi, na hewa itokayo hupitishwa ndani yake. Hewa yenye moshi wa silinda huibadilisha rangi ya buluu kuwa manjano. Haikubadilika. Tukaitenga kompresa na maji ya injini, tukaziba paipu zake, tukawasha. Mapovu yakaisha. Gasketi ndogo ya kompresa ilikuwa imekufa tangu mwanzo. Ndiyo iliyokuwa ikiyatoa maji kila siku, na dereva alikuwa amesema kweli.

Tuliandika ripoti, tukaweka sahihi, na mwakilishi wa chama akaingia nayo ofisini. Baada ya mazungumzo marefu makato yalisimamishwa na fedha zikarudishwa. Lakini mkono wa yule kijana nani ataurudisha?

TUFANYE NINI?

Kwa sababu hiyo twawaomba, ndugu zetu, myashike mambo haya.

1. Usifungue kifuniko cha tangi wala cha rejeta injini ikiwa na moto. Ngoja mpaka uweze kuishika paipu ya juu kwa kiganja bila taabu, nayo iwe laini. Saa nzima ikipita, na ipite. Hata hapo, zungusha kidogo kidogo ukiwa umegeuza uso, na kinga mkononi. Ukisikia inapumua, acha kwanza iishe.

2. Kifuniko kibadilishwe kwa kingine chenye namba ile ile iliyoandikwa na mtengenezaji. Namba ndogo huchemsha, namba kubwa hupasua. Gunzi la mahindi, matambara au mfuko wa plastiki si kifuniko.

3. Usiondoe thamostati kwa kudhani unaipoza injini. Katika injini nyingi maji hukosa mpango wake, sehemu nyingine hupoa kupita kiasi na nyingine huungua.

4. Usimwage maji baridi ndani ya injini iliyochemka. Chuma cha moto kikipata baridi ghafula hupata ufa.

5. Sindano ikianza kupanda mlimani, punguza nguvu na utafute mahali salama pa kusimama. Kama maji hayajamwagika na feni inafanya kazi, iache injini ing'urume bila mzigo kwa dakika chache ipoe polepole. Kama maji yamekwisha kutoka au mvuke umetanda, izime mara moja.

6. Fundi asifungue hedi kabla ya kupima. Pampu ya mkono yenye geji huonyesha kama presha inakaa au inashuka, na hupima kifuniko pia. Dawa ya rangi hupima moshi wa silinda. Kompresa itengwe na kujaribiwa. Gharama ya vyombo hivyo ni ndogo kuliko hedi moja.

7. Aliyeungua apozwe kwa maji baridi safi yanayotiririka, kwa dakika 20. Avuliwe pete na saa, na nguo isiyoshikana na ngozi. Asipakwe dawa ya meno, wala unga, wala mafuta, wala yai. Afunikwe kwa kitambaa safi na apelekwe hospitali.

8. Na hili ndilo kubwa kuliko yote: andika. Kila dereva awe na kitabu chenye karatasi ya kaboni. Tarehe, namba ya gari, maji yaliyoongezwa ni lita ngapi, paipu ilikuwa ngumu au laini, na jina la aliyepewa habari. Nakala moja kwa nyapara, na nakala moja ibaki kwako.

Habari ya kuandika si ya ukaidi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa uharibifu uliotokana na kosa la kusudi la mfanyi kazi. Kosa la kusudi, ndugu zetu. Gasketi iliyokufa kwa uzee si kusudi la mtu. Lakini pasipo karatasi, neno lako litashindana na neno la ofisi. Na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huo huo, kifungu cha 14, yamtaka mfanyi kazi atoe habari kwa msimamizi wake akiona hatari kubwa kazini. Kwa hivyo ukiandika kwamba tangi latema maji, hufanyi fitina. Unatimiza wajibu uliowekwa na sheria.

MASWALI

Baada ya hotuba wanachama waliuliza mengi. Twaandika mawili.

Mmoja aliuliza: kama nyapara akikataa kuweka sahihi kwenye kitabu, je? Tulijibu kwamba uandike hivyo hivyo, "Amekataa kuweka sahihi", pamoja na saa na jina la aliyekuwapo, kisha nakala umpe mwakilishi wa chama siku ile ile. Habari iliyoandikwa kabla ya ajali ina nguvu kuliko malalamiko mia baada yake.

Utingo mmoja, kijana, aliuliza: tajiri akipiga simu aseme mzigo umechelewa, fungueni mtie maji mwondoke, tufanye nini? Watu walicheka, lakini swali halikuwa la mzaha. Tulimjibu hivi: anayepiga simu yuko mbali na mvuke. Mwambie kwa adabu kwamba gari lina moto, kwamba litafunguliwa likipoa, na utaje saa. Dereva naye asimsukume utingo kufungua, maana mkubwa safarini ndiye anayepaswa kusema ngoja. Saruji ikichelewa saa moja bado ni saruji.

Ndugu wanachama, hatukuja kuwatisha kwa habari ya tangi. Kesho asubuhi kila mtu atakuwa na gari lake, na kabla ya kuwasha atakuwa na dakika mbili. Zitumieni. Tazameni maji, bonyezeni paipu, andikeni kitabuni. Na sisi mafundi twaahidi mbele ya mkutano huu kwamba tutapima kabla ya kufungua, na tutaweka sahihi kwenye lile tulilolikuta, limpendeze au lisimpendeze mwenye gari.

Umoja ni nguvu.